Mwanamume Aliyekataa Kulegezwa

Kosa lilikuwa langu na nalikubali, kwa sababu sifa za siku ile nazo ni zangu na sina mpango wa kuzigawa.

Nilikuwa nesi katika hospitali ndogo ya misheni upande wa Masasi, utawala wa Mwingereza ukielekea ukingoni. Baba yangu alikuwa mwalimu kule Lulindi, kwa hiyo nilijua Kiingereza kidogo, na watu waliniita binti mwalimu. Daktari wetu, mama wa Kiingereza ambaye Kiswahili chake kilitosha kusali na kuomba chai, alinifanya mdomo wake. Alichotaka mgonjwa akijue kilipitia kwangu.

Asubuhi moja ndugu wawili walimleta kaka yao kutoka Makote, huko Newala, wamembeba juu ya kitanda cha kamba, mkewe akiwafuata nyuma. Alikuwa mkulima wa korosho na mpiga ngoma aliyesifika. Ngiri ilikuwa imemshuka tangu jana yake ikakataa kurudi, na utumbo umebanwa humo. Daktari alimpapasa, akaninong'oneza kwamba asipopasuliwa kabla ya jua kutua atakufa.

Tumbo lake lilikuwa limekakamaa, na tumbo la namna hiyo lilitutesa siku zote. Kwa etha, dawa ya usingizi, peke yake ilibidi umpe mgonjwa nyingi hadi umkaribishe kaburini, ndipo nyama zilainike. Lakini tulikuwa tumepokea dawa mpya ya sindano, yenye kulegeza misuli yote ya mwili, hata ile ya kuvuta pumzi. Mgonjwa akishalala hudungwa, huwekwa mpira kooni, na mtu hukaa kichwani pake akiminya mfuko na kumpumulia mpaka dawa iishe nguvu. Tulikuwa tumeitumia mara mbili, na mfuko aliushika msaidizi wa kiume wa chumba cha upasuaji. Mimi nilitazama tu.

Basi nikamwinamia mgonjwa, nikamwambia kwa sauti ya kusikika wodi nzima kwamba tutamdunga sindano ya kumlegeza.

Kitanda cha pili mtu akakohoa kuficha kicheko. Ngiri peke yake inatosha kuwafanya watu wanong'one juu ya mambo ya chumbani ya mwanamume, na mimi, msichana asiyeolewa, namwambia mbele ya mkewe kwamba tutamlegeza! Mke alinitazama kama niliyemwaga ndoo yake ya maji, na kwa watu wa Newala, wanaoteka maji mbali bondeni, hilo si kosa dogo. Mume mwenyewe hakunitazama. Aliwaambia ndugu zake wamrudishe nyumbani, afie huko akiwa mwanamume.

Wakanyanyua kitanda. Aibu ilinichoma masikio, lakini nilikimbia nikasimama mlangoni, nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

Hakuna mtu mzima wa kwetu anayeiacha shikamoo ikianguka chini. Kitanda kikasimama.

"Marahaba," akajibu, meno yameumana.

"Baba, ngoma yako ikilala penye unyevu inakuwaje?"

"Inalegea."

"Imeharibika?"

Aliniona mpumbavu kweli. Akasema ngoma haiharibiki kwa hilo, anaipasha moto tu inalia tena. Nikamwambia dawa yetu ni hiyo hiyo, unyevu wa saa moja, kisha kila kiungo kinakaza chenyewe, hakuna kinachosahauliwa. Mkewe akainamisha uso kuficha tabasamu. Yeye akafikiri, maumivu yakimkunja.

"Basi kichwani utakaa wewe, binti mwalimu," alisema. "Umelisema, ulisimamie."

Msaidizi alinung'unika kwamba mikono ya msichana itachoka. Nilimwuliza yeye ametwanga mtama vinu vingapi maishani mwake. Daktari akanipa mfuko.

Alilazwa usingizi kwa etha, na sindano ilipoingia, shingo ililala, mikono ikalala, kifua kikatulia, mpira ukapitishwa kooni. Nikaminya, nikaachia, nikaminya. Daktari alitia mkono tumboni akasema neno moja, "Laini," nami nikavimba kichwa. Utumbo ulikuwa umeiva ukawa mweusi. Aliukanda kwa vitambaa vya maji moto ya chumvi, ukarudi kuwa mwekundu, akausukuma ndani bila kushindana na mtu. Vidole vyangu vilikufa ganzi nikabadilisha mkono.

Alipomaliza kushona akamdunga dawa ya kumrudisha, akaniambia niache kuminya nitazame. Niliacha. Kifua hakikuinuka. Nikaminya tena, nikaacha tena. Kimya. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Niliona nimemwua mume wa mtu kwa ulimi wangu. Mara ya tatu mfuko ukanywea wenyewe mkononi mwangu. Hakuna aliyeuminya. Nilicheka kwa sauti humo ndani, wala sikukemewa.

Alipotolewa mpira na kufumbua macho, daktari alitaka nimpime nguvu. Nikaweka vidole vyangu viwili kiganjani mwake, nikamwomba anishike. Kama ilikuwa dawa kumtoka au kinyongo, sijui, lakini alinibana mpaka nikapiga kelele.

Nje, mkewe aliisikia kelele ile, akajua mumewe amekufa, akaanza kulia. Nilimtokea na vidole vyekundu vilivyovimba, nikamwambia aliyefanya hivi ni mumewe, sasa hivi. Alivishika akavigeuza, akavitazama vizuri, kisha akapiga vigelegele mpaka wodi nzima ikaitikia.