Anataka Nimuazime Kaburi la Mwanangu

Admin, jina langu lifiche, ila mji usiufiche. Mtwara, Magomeni. Humu yeye hayumo, ila siku akija kusoma nataka ajijue.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, Muislamu, nimeachika, na kazi yangu ni kufundisha yoga. Najua mmeshaanza kucheka. Chekeni mmalize. Nafundisha akina mama uani kwangu, asubuhi wakishapeleka watoto shule, kila mtu na mkeka wake na dera lake. Wapo waliosema naita majini. Leo hao hao wakiumwa kiuno wanabisha hodi.

Sikuingia kwenye yoga kwa kutafuta umaarufu. Nilizaa mtoto wa kike, nikamwita Salma, akafariki kabla hatujatoka arobaini. Tukamzika kwetu Nanyamba, kwenye mikorosho ya bibi, kaburi la udongo na mawe tu. Mume akasema nyumba imekuwa ya kilio kila siku, akaondoka zake. Nikabaki na kifua kinachobana. Hospitali wanapima, hawaoni kitu. Wakati huo nilikuwa napika kwenye nyumba ya wageni kule Mikindani, na mama mmoja mgeni, mtu mzima, akanikuta nimeegemea ukuta wa jikoni nashindwa kuvuta pumzi. Akanikalisha chini, akanishika mgongo, akanifundisha kupumua taratibu. Alifanya hivyo kila asubuhi mpaka alipoondoka. Mkao wa mwisho kwenye yoga ni kulala chali, umetulia kama maiti. Siku ya kwanza nililia mpaka mkeka ukalowa, maana nilikuwa namuona mwanangu kwenye sanda. Baadaye nikaenda kusomea Dar, nikarudi kufundisha wenzangu.

Katika wanafunzi wangu wa mwanzo alikuwepo huyu. Tumuite Mngoni, maana ndivyo alivyo, na mimi Myao, kwa hiyo ni watani. Wazazi wake walihamia huku kwa kazi ya serikali. Mtani mnamjua: anaingia jikoni anafunua sufuria, anakusema mbele ya wageni, nawe unacheka. Tulipatana mno. Yeye ndiye mtu pekee niliyemsimulia habari za Salma mwanzo mpaka mwisho, mpaka ule mkeka uliolowa.

Akaiva, akapata kazi ya kufundisha yoga kwenye hoteli ya watalii. Nilimpigia vigelegele. Kumbe! Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja akanitumia video ya hoteli hiyo, walimu wanaeleza kilichowafikisha kwenye yoga. Namuona mtani wangu, machozi yanamtoka, anasimulia alivyofiwa na mtoto mchanga. Kifua kubana. Ukuta wa jikoni. Mkeka kulowa. Na huyu hajawahi hata kubeba mimba! Halafu akataja jina la mtoto: Salome. Jamani, kaniibia mwanangu, na kumbatiza kambatiza!

Nikamfuata. Akacheka. "Hee, mtani nawe! Tangu lini mtani akaiba? Si nimechukua tu, kama ninavyochukua mboga yako?"

Nikamwambia mboga haina mama. Akanuna, akasema nina roho ya kwanini, na wageni wa hoteli wameipenda hadithi yake. Nilirudi nyumbani, siku hiyo sikufundisha mtu.

Ningemuachia Mungu. Lakini wiki iliyopita alikuja mwenyewe, safari hii hacheki. Ana mchumba, kijana mstaarabu, mwalimu wa sekondari, na wanafunga ndoa kanisani karibuni. Kijana kaiona ile video, kaamini, kamsimulia mama yake. Mama mkwe naye kauliza kaburi liko wapi, kaambiwa liko porini halina hata jina, basi kasema hapokei mkwe aliyemtelekeza mwanawe hivyo. Wanataka walijengee kwa saruji na kusimika msalaba kabla ya harusi. Basi mtani kanipigia magoti sebuleni: "Niazime lile la Nanyamba. Si halina jina? Wakishaondoka utaung'oa huo msalaba. Na kwenye msiba mtani ana haki zake, unajua."

Msalaba. Kwa Salma wangu.

Nilimtazama mpaka akainamisha macho. Nikamwambia, "Sawa. Waambie waje."

Akanikumbatia huku analia kwa furaha. Hajui kwamba mama yangu, aliyemuosha Salma kwa mikono yake, nimeshampigia simu. Mama atakuwa pale kaburini na shangazi zangu wote, wametandika mikeka wanasubiri. Wakifika na msalaba wao, atamuuliza mbele ya mama mkwe wake: "Mwanangu, huyu ulimzalia wapi? Nani alikuzalisha? Alikuwa na alama gani mwilini?" Mama yangu hana haraka, ataacha ajibu moja moja.

Asubuhi nawaambia akina mama watoe hasira kwa pumzi. Yangu mimi siitoi ng'o! Nikiwaza uso wake siku hiyo, napata usingizi mzuri ambao sijaupata muda mrefu. Mtaniita mbaya, niiteni.

Kinachonitatiza ni kimoja tu, yule kijana. Jana alinipigia simu, namba yangu kapewa na mchumba wake. "Dada, shikamoo. Mwenzangu kaniambia wewe ndiye uliyekuwa unamfagilia mtoto wetu kaburi miaka yote. Mungu akubariki. Mama anauliza, tuje na maua gani?" Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, ukagoma kutoka. Nikasikia nasema, "Maua usihangaike. Njoo na mama."

Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Nishaurini ndugu zangu: nimwambie kijana wa watu leo, aumie peke yake kimya kimya, au niwaache wote wafike Nanyamba? Ila atakayeniandikia "samehe", kwanza aniambie kaburi la mwanawe yeye aliwahi kumuazima nani.