Gurudumu Lililolowa

Jipu la Bwana Taratibu lilikuwa limesimama uani tangu aliporudi kutoka kumzika mkewe. Halikuwa bovu. Hapakuwa na pa kwenda, basi. Kuku walilala chini yake, na mwenyewe, fundi magari mzima, alilipita kila asubuhi bila kulitazama, kama ndugu aliyenuniana naye.

Jina la Taratibu alipewa na wateja. Ukimwuliza gari litakuwa tayari lini, hujibu, "Taratibu." Ukimjulia hali, "Taratibu tu."

Kisha dada yake akapiga simu. Kati ya watoto wa mama yao walikuwa wamebaki hai wao wawili tu, na dada alikaa ng'ambo ya mlima, huko ambako basi halifiki kwa sababu ya mawe na mto usio na daraja.

"We mtoto," alimwambia, maana kwake Taratibu hajakua, "mwanangu anakuja kunichukua Ijumaa. Ananihamishia kwake, mbali. Miguu hii hairudi tena huku. Utakuja tuagane, au nikuage kwenye simu kama karani?"

"Nakuja, dada."

"Kwa gari lile?"

"Lile lile."

Akawafukuza kuku, akaliwasha. Likakohoa, likakubali. Akalipeleka hadi sokoni kulijaribu, na aliporudi, gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limelowa upande wa ndani, oili imechuruzika mpaka kwenye tairi. Akachovya kidole, akanusa. Mafuta ya breki hayanuki vile. Hii ilikuwa oili nzito yenye harufu ya yai viza, ile ya difu, kibuyu cha gia kilicho kati ya magurudumu ya nyuma, na ilikuwa imeingia kwenye breki. Mlima wa kwa dada yake, ukiwa huna breki, hushuki, unaporomoka.

Akapiga jeki, akafungua gurudumu, akachomoa shafti, akabadilisha sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke kwenye ekseli. Kabla ya kuweka mpya alipitisha ukucha mahali sili inapokaa, kuona kama chuma kimelika. Laini. Akafunga, akaenda sokoni, akarudi. Limelowa.

"Sili feki hiyo," akajisemea, akaweka nyingine. Likalowa vilevile.

Hapo akaketi juu ya ndoo, akalikodolea macho. Zamani, kazi ikimgomea hivi, mkewe alimletea chai na swali lake moja la utani: "Kwani hiyo oili inakimbia nini?" Magari hakuyajua, marehemu, ila kuuliza alijua.

"Inakimbia nini?" Taratibu akarudia kwa sauti. Kuku wakamtazama.

Akaingia uvunguni gari likiwa bado na moto. Akalegeza nati ya kujazia oili kwenye difu, na kabla haijatoka yote ikapiga pfuuu! Upepo! Kumbe oili ilikuwa inasukumwa. Ekseli ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka, nayo hutokea kwenye kipumulio, kidude kidogo kilicho juu yake. Akakipapasa. Badala ya tundu akakuta donge la udongo mkavu, limefinyangwa vizuri kabisa. Nyigu. Wakati gari limelala uani, nyigu alikuwa akijenga. Na hewa ikikosa mlango itaisukuma oili ipite kwenye sili, hata uweke mpya kila siku.

"Angalau wewe ulikuwa na shughuli," Taratibu akamwambia nyigu ambaye hakuwepo, akalikwangua donge.

Ikabaki breki. Aliposafisha oili ilimbidi aifungue, na upepo ukaingia kwenye bomba lake. Kuutoa ni kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini na spana. Miaka yote mkanyagaji alikuwa mkewe, na maneno yao yalikuwa yale yale.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia, usinizeeshe humu ndani!"

Sasa, peke yake, akajaribu kukaza gongo kati ya kiti na pedali. Likachomoka. Na kesho yake ni Ijumaa.

Chumba cha mbele cha nyumba yake alipanga mwanamke fundi cherehani. Tangu msiba walikuwa wakipungiana mikono tu. Mama wa watu aliogopa kumsumbua, na Taratibu aliogopa kuonewa huruma. Akanawa mikono, akasimama mlangoni.

"Hodi, fundi."

"Karibu, mzee. Kumbe sauti unayo!"

"Nina shida ya mguu."

"Pole. Unauma?"

"Si wangu. Nataka wako."

Fundi cherehani akamtazama juu hadi chini. "Mzee, wewe!"

Akamweleza upesi upesi, jasho likimtoka. Mama akacheka mpaka akashika meza. "Kukanyaga ndiyo kazi yangu," akasema, akapanda garini.

"Kanyaga!" Taratibu akaita kutoka chini.

Lakini mguu wa cherehani haujui kungoja. Ukaenda tatatata, na Taratibu alipolegeza nati tu, mafuta ya breki yakamrukia kifuani.

"Mama, hushoni nguo! Kanyaga mara moja, ushikilie!"

"Si umesema kanyaga?"

Wakaanza upya.

"Kanyaga!"

"Haya."

"Shikilia!"

"Haya."

Spana ikasimama. Taratibu alikuwa anangoja maneno mengine, yale ya kuzeeshwa. Hayakuja.

"Mzee? Umelala huko?"

"Sijalala."

"Mbona kimya?"

"Mapovu bado yanatoka," akasema, na yalikuwa yameshaisha. Akakaza, akajifuta macho kwa kiwiko maana vidole vilikuwa na mafuta.

Ijumaa akavuka mto, akashuka mlima polepole, breki zikishika. Dada yake alikuwa amekaa mlangoni juu ya furushi. Taratibu akateremka, akainama kwanza kupapasa gurudumu.

"Mwenye kusalimiwa yuko huku! Hilo ni tairi!"

"Kavu," akasema.

"Nini kavu?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda."

Wakakaa juu ya furushi moja, bega kwa bega. Mtoto wa dada akafika, akapakia, wakaondoka. Taratibu akabaki peke yake kwenye kiwanja cha nyumba iliyofungwa, ufunguo umo mfukoni mwake, kwani dada alimwachia yeye.

Alirudi kwake jioni. Akapapasa gurudumu tena. Kavu. Akainuka amwambie mtu, akauona mlango wa jikoni umefungwa kama alivyouacha. Chumba cha mbele cherehani ilikuwa inakwenda.

"Kavu!" akapaza sauti.

Cherehani ikanyamaza. "Unasemaje, mzee?"

"Gurudumu. Halijalowa."

"Haya. Nimesikia."

Tatatata, ikaendelea. Taratibu akakaa juu ya ndoo, akaisikiliza mpaka kuku wakarudi kulala chini ya gari.