Alternata ya Mama Gradi

Léoncie, ambaye majirani zake katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, humwita Mama Gradi kwa jina la mwanawe wa kwanza, aliibiwa na mtu yule yule ambaye yeye mwenyewe alimlipa amtengenezee gari. Nalisema hilo waziwazi tangu mwanzo kwa sababu nimechoka kusikia watu wakiliita jambo hili kutoelewana. Walielewana vizuri sana. Alipeleka gereji gari lenye alternata nzima, kile kifaa kinachochaji betri, akarudishiwa gari lenye alternata iliyokufa.

Gari lenyewe ni Toyota kuukuu ya mgongo mrefu, rangi yake imechujuka kama kitenge cha shambani. Kwa gari hilo Mama Gradi hununua nyanya na maharage kwa wakulima wa Rugaaga na kuyauza katika soko la Base Camp, humo kambini, na kwa biashara hiyo amewalea watoto wake watatu tangu walipokimbia Luvungi, Kivu Kusini, Kongo. Gari likilala, nyanya zinaoza, wakulima wanatafuta mnunuzi mwingine, na msimu mzima umepotea.

Klachi ilipokwisha, alimwendea kwanza Vénant, fundi wa pikipiki na mwenzake wa Luvungi, ambaye ndiye aliyemfungia ile alternata mwaka uliotangulia.

"Mama Gradi, mi niko na vyombo vya pikipiki tu," alisema Vénant. "Jeki ya kushusha gia boksi sina. Peleka Mbarara."

Akapeleka kwenye gereji moja ya mji huo. Mapokezi ya gereji ile yalimshangaza. Aliposalimia kwa Kiswahili, Ramathan, fundi mkuu, aliweka spana chini, akapangusa kiti kwa kitambaa na kumwita Madam. Mama Gradi alidhani hiyo ni adabu ya mji. Hakujua bado kwamba kwa watu wengi wa huku Kiswahili ni lugha ya askari, na kwamba mwanamke nadhifu anayekisema bila kusita huenda akawa mke wa afisa. Alieleza shida ya klachi, kisha akainuka kuaga.

"Madam, wewe hapana kaa kuangalia kazi?" aliuliza Ramathan.

"Apana, papa. Kwetu fundi habamuangaliake mikono, ni kumutukana. Mi narudia Nakivale, nitakuya siku ya ine."

"Nakivale?" alirudia Ramathan. Neno Madam halikusikika tena siku hiyo.

Kwao Luvungi, kumkalia fundi akiwa kazini ni kumwambia mbele za watu kwamba ni mwizi. Mbarara, kila mwenye gari huketi kwenye kigoda kando ya gari lake mpaka boliti ya mwisho ifungwe, wala fundi haudhiki. Siku ile, kati ya wateja wote, aliyeondoka alikuwa yeye peke yake, na aliondoka kwa heshima.

Alhamisi, ndiyo siku ya ine, alilichukua gari, klachi ikiwa nzuri. Alipofika Masha, njiani kurudi kambini, likazima kabisa, betri haina nguvu. Vénant alikuja na pikipiki, akafungua boneti, akainama kwa muda.

"Mama, hii haiko ile nilikufungiaka. Hii ilikufaka zamani. Bameipaka rangi tu."

Walilivuta gari hadi Mbarara. Ramathan hakuinuka, na sasa alimwita nyabo, kama aitwavyo mama yeyote wa sokoni.

"Nyabo, gari yako ilikuja hapa mgonjwa. Mimi nilitibu mguu, sasa wewe nalia kichwa?"

Gereji nzima ikacheka.

"Gari yangu ilikuwa na klachi tu ya kufa," alisema Mama Gradi. "Unirudishie kitu yangu."

"Nani aliona? Wewe ulikaa hapa? Nenda kambini, mzungu atakupa ingine."

Byaruhanga, mwenyekiti wa mafundi wa mtaa ule, alimsikiliza kwa upole mwingi, halafu akauliza swali lile lile: nani aliona? Kana kwamba wizi huwa wizi pale tu unapofanywa mbele ya hadhara. Mama Gradi alirudi kwake tena na tena, na kila mara aliambiwa alete shahidi. Nilikuwa nikimwona akishuka Base Camp jioni, mikono mitupu, na nilipomuuliza habari alijibu neno moja tu: "Nilichoka." Wakati huo wakulima wa Rugaaga walikuwa wameshaanza kumuuzia mtu mwingine.

Aliyemshika mkono hatimaye ni Ketty, mke wa koplo katika kambi ya jeshi ya Mbarara na mteja wake wa maharage wa siku nyingi. Ketty hakumtisha mtu. Alifika gereji pamoja na Mama Gradi na Vénant, akiwa na kigoda cha plastiki, akakiweka mbele ya Toyota, akaketi.

"Ramathan, kijana yangu, mimi nakaa. Hii gari ya dada yangu inapona leo. Saa kumi afande anakuja kunichukua hapa hapa."

"Eh, Madam! Ngoja kidogo. Kuna kitu moja ilienda kuoshwa."

Kilichokwenda kuoshwa kilirudi ndani ya gunia, na vumbi lake lote. Vénant alikigeuza mkononi, akatikisa kichwa kukubali: ndicho chenyewe. Ramathan akajitumbukiza chini ya boneti.

"Lakini nyabo, yaani Madam, kwa nini hukusema wewe ni wa barakisi, mtu ya jeshi? Hii maneno ingeisha zamani."

Boliti mbili zilikuwa bado. Kunyamaza kungetosha, na kungemfaa siku hiyo na kila siku ambayo gari lingeharibika tena. Ketty alimkonyeza.

"Mi siko wa kambi ya basoda," alisema Mama Gradi. "Mi ni mukimbizi wa Nakivale, vile nilikuambiaka. Na ile kitu ilikuwa yangu tangu siku ya kwanza."

Spana ilisimama. Ramathan alimtazama yeye, kisha akamtazama Ketty.

"Nani amekuambia uache?" alisema Ketty, bila kuinuka. "Funga."

Akafunga.

"Banange, Mama Gradi!" Ketty alilalamika walipokuwa njiani. "Mungu anakupa mwavuli, wewe natupa?"

"Ile mwavuli ni ya bwana yako, Ketty. Mvua ikinyesha siku wewe hauko, nitajifunika nini?"

Wapo wanaoniambia kwamba mambo yaliisha vizuri. Alternata ilirudi, ni kweli, lakini ilirudishwa na woga. Ramathan hakuomba radhi, na Byaruhanga hakumwita kumhoji. Ketty alipotaka kukichukua kigoda chake, Mama Gradi alimwomba amwachie.

Tarehe 10 Machi 2025, Vénant, akiwa amepata jeki yake, alifungua gereji nyuma ya soko la Base Camp. Mteja wa kwanza alikuwa Mama Gradi, anayemfahamu tangu Luvungi na ambaye hajawahi kumshuku kwa lolote. Alikuja na kigoda kile cha Ketty, akaketi kando ya gari mpaka boliti ya mwisho.