Stuli Yangu na Mwili wa Mwenyekiti

Jamani, leo nimecheka peke yangu Igoma hadi watu wakanigeukia!

Fundi mmoja kaniuliza, "Bibi, useremala ulijifunzia wapi?"

Ngoja niwasimulie na ninyi.

Enzi za Ujamaa, karakana ya kijiji chetu kule upande wa Kisesa ilitafuta wanafunzi. Wakajitokeza wavulana watatu. Na mimi.

Fundi mkuu, mzee mmoja wa Ukerewe, akanitazama.

"Binti, ushonaji uko kule."

"Shikamoo, fundi. Mimi nimefuata mbao."

Akaguna. Akaagiza kila mmoja wetu atengeneze stuli bila msumari hata mmoja. Atakayeshindwa, arudi kwenye jembe.

Siku ya ukaguzi, aliyeitwa kuzikalia ni mwenyekiti wa kijiji. Na mwenyekiti wetu alikuwa na mwili, si mchezo!

Stuli ya kwanza ililia. Ya pili ikayumba. Ya tatu ikamlaza chini, miguu juu! (Nani angethubutu kucheka?)

Akaja kwangu amenuna, anajipangusa vumbi.

Akakaa. Akajitikisa kushoto, kulia.

Kimya. Haikulia hata kidogo.

"Mwenyekiti, inuka basi tumalize," fundi akasema.

"Niinuke niende wapi? Mkutano wa leo nitauendeshea hapa hapa!"

Akina mama walipiga vigelegele hadi ng'ombe wakashtuka. Fundi akanikabidhi randa yake mwenyewe.

"Kesho asubuhi. Usichelewe."

Sikuchelewa, na mbao ndizo zilizosomesha wanangu wote.

Akina dada mlioambiwa "kwenu ni kule", ninyi mlijibuje?