Marehemu Ameacha Watoto Wanne

Kwa miaka mingi nimewapeleka watu wa Kawangware mbinguni kwa kompyuta moja. Nina saiba, duka la intaneti na uchapaji, hapa Gatina, na kazi inayonilisha ni programu za mazishi: picha ya marehemu mbele, ratiba katikati, wasifu nyuma. Wasifu wenyewe ni mmoja tu. Marehemu alikuwa mcheshi, mcha Mungu, na alipenda kuimba kwaya. Nabadilisha jina, kijiji na idadi ya watoto, basi. Mzee mmoja nilisahau kumbadilishia nusu ya wasifu, akazikwa akiwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na waombolezaji wakaitikia amina.

Mwaka jana akaja mtafiti wa chuo kikuu, mwanamke mwenye adabu zake, akikusanya programu hizo aziweke mtandaoni. Ati ni vyanzo asilia vya historia, wananchi wakijieleza wenyewe. Aki nilijisikia mkubwa, nikampa katoni nzima. Baadaye alinipigia simu akishangaa jinsi watu wa huku wanavyopenda kwaya; anaandika sura nzima juu ya jambo hilo. Na yule mzee mwenyekiti, alisema, ni ushahidi kwamba wanaume wa Kawangware walikuwa mbele ya wakati wao. Nikamwambia ni kweli, walikuwa mbele sana.

Kicheko kiliniisha siku mwanamke wa makamo alipoingia saiba, akaketi kwenye mashine ya kona na kuifungua ile hifadhi ya mtafiti mtandaoni. Nilimjua papo hapo, maana ana paji la uso la baba yangu. Baba alikuwa seremala kutoka Kitui, na alikuwa na nyumba mbili: yetu hapa, na ya mama yake huyu kule Lindi, Kibera. Kwetu kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Baba alipofariki, mama aliniambia niandike watoto wanne, nami nikaandika. Siku ya mazishi huyu alisimama nyuma ya hema. Mchungaji akasoma majina, na nilimwona akingoja mpaka la mwisho. Niliona aibu sana, lakini chai ya matanga niliinywa vizuri tu.

Sasa aliniita pale kwenye mashine, akaniuliza kwa upole kama naweza kumwongeza. Binti yake yuko chuo, ameambiwa aandike historia ya familia yao, na mwalimu hakubali kitu kisicho na chanzo. Babu yupo, amewekwa vizuri, kwaya na yote. Mama mtu ndiye hayupo.

Nikampigia mtafiti. Akanieleza polepole, kama anayemfunza mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba chanzo asilia hakiguswi. Nikamwambia hicho chanzo chake ni mimi, na nilidanganya. Akanisomea alichokwisha kuandika chini ya programu ya baba: imetungwa na binti wa marehemu, shahidi wa kuaminika. Kufuta hawezi. Anachoweza ni kuongeza hati mpya, mradi aliyeiandika aseme ni yake.

Nilipomweleza dada yangu, na ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo, alikuwa na sharti moja.

"Usiandike kwaya," akasema. "Andika tu nilikuwa nani kwake."

Haya basi, mtafiti, skani na hii. Mama yangu bado yu hai na atakasirika, wacha akasirike. Baba hakuwahi kuimba kwaya hata siku moja. Sauti yake ilifukuza kuku. Alikuwa seremala, na kila mtoto wake alimchongea kigoda cha miguu mitatu alipoanza kutembea. Vinne viko kwa mama. Cha tano kiko Lindi, na Jumapili iliyopita nilikikalia.