Rafadha ya Kumvusha Mama

Baba alipofariki alituachia mashua na injini ya kupachika nyuma, aliyoinunua kwa Mzungu wa bandarini aliyekuwa akirudi kwao Uingereza. Injini ilikuwa kuukuu tangu siku hiyo, na sasa rafadha yake, ile feni ya mapanga inayosukuma maji, ilikuwa imevunjika kwenye mwamba. Mama naye alikuwa karibu kumaliza eda. Akitoka tu, tulitaka kumhamisha kutoka Kigamboni aje akae nami Temeke, ng'ambo ya pili ya maji.

Alikubali kwa sharti: avuke mara moja na vitu vyake vyote. "Mkinikwamisha katikati ya maji," alisema, "narudi kwangu, na msije kunibembeleza tena." Mama hakuwa mtu wa kutishia bure.

Fundi mmoja pale Temeke alikuwa na rafadha mbili zilizokwisha kutumika. Moja ilikuwa ya shaba, inang'aa, mapanga yake yameundwa yakiwa yamepinda sana. Nyingine ilikuwa imefubaa, mapanga yamepinda kidogo tu. Mdogo wangu wa kiume aliipenda ya shaba. Tukaifunga, tukaijaribu sisi wawili, mashua tupu. Ikaruka! Vijana wa ufukweni wakapiga makofi, mdogo wangu akavimba kichwa.

"Dada, umeona? Hii ndiyo yenyewe."

"Umeona mashua tupu," nikamwambia. "Mama anahama, haendi matembezini."

Nikamtia kazi ya kupakia magunia ya mchanga mpaka akanuna. Tulipoondoka tena injini iliguna, ikakohoa, ikafuka moshi, na mkondo ukaanza kutuchukua. Mimi sikushangaa. Nilipanda mashua ile na Baba tangu sijaolewa, na nilijua kifua cha injini yake. Panga lililopinda sana huchota maji mengi kila linapozunguka. Kizee humpi tonge kubwa.

Tukafunga ile iliyofubaa. Mchanga wote ule, na injini ikaunguruma sawasawa, ila mwendo ulikuwa wa kujikokota. Vijana wakatuuliza kama tumefunga mwiko. Mdogo wangu aliona haya, mimi niliona raha. Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi.

Siku ya kuhama, Mama alipakia kitanda, mitungi, masanduku na kuku, mpaka maji yakakaribia ukingo wa mashua. Kisha akaketi akinipa mgongo mimi niliyekaa mbele, uso Kigamboni. Tuliingia kwenye mkondo polepole, tukaukata.

Katikati Mama akainua mkono. "Punguzeni."

"Mama, hapa mkondo mkali!" mdogo wangu akalalamika.

"Punguza," nikamwambia. Akapunguza. Injini haikukohoa. Ilitushika palepale, hatuendi mbele wala haturudi nyuma, na Mama akatazama minazi iliyo karibu na kaburi la Baba. Muda wote wa eda sikuwahi kumwona akilia. Hapo alilia kwa sauti, na mimi nikalia naye. Hakuna aliyemharakisha.

Alipomaliza akajifuta kwa upindo wa khanga, akageuka akanitazama.

"Haya, twendeni," akasema. "Huko uani kwako pana mahali pa kupanda mchicha?"