Mlango wa Nyumba Iliyozama

Katika ofisi ya shirika moja la mazingira pale Kamere, kando ya ziwa, skrini ya ukutani huonyesha ziwa hilo moja kwa moja mchana kutwa, eti tuone maji yalivyopanda, sisi tuliofukuzwa nayo.

Juzi jirani yangu aliinuka akagusa kioo, penye nyumba iliyozama hadi madirishani. "Hii ni yangu. Mbona mlango uko wazi?"

"Ni mawimbi, mathe," karani akasema.

"Nilitia kufuli nikihama, ili nirudi." Akavua ufunguo shingoni. "Mawimbi yana ufunguo?"

Karani akacheka. Tukiangalia, mlango ukajifunga polepole, na maji yametulia tuli.

"Basi pamepata mwenyewe," jirani akasema, akauacha ufunguo mezani.

Karani amezima skrini, anasema imeharibika. Ufunguo pia hajaugusa. Labda nao umeharibika.